Harusi ya Mtulasi wa Saio

Kampala, 20 Agosti 2024

Mwalimu Josaphat,

Nakusalimu wewe na Adeline, mke wa marehemu mwanao. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu masikio yangu hayashiki tena sauti ya simu. Eugène, dereva wa basi la Bunia, atakuletea barua hii na atachukua jibu lako.

Jamnadas amefariki. Ilikuwa tarehe 9 Mei, asubuhi, akiwa anavaa soksi. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nimeandika "sisi", halafu nikawa sina wa kunikamilishia neno hilo.

Nina ombi. Unajua kwamba hatukujaliwa mtoto. Kwetu, mzazi ambaye hakumtoa binti kwa mume anaona kuna kazi moja ya maisha ambayo hakuifanya. Lakini dini imewaachia watu kama sisi mlango mmoja. Kila mwaka Mungu Vishnu hulala miezi minne, na katika miezi hiyo Mhindu haoi wala haolewi. Huamka siku ya kumi na moja ya mwezi unaoitwa Kartik, na kesho yake humwoa Tulasi, yaani mmea wa mtulasi wenyewe. Baada ya harusi yao ndipo watu wanaruhusiwa kuoana. Na mtu asiye na binti anaweza, mara moja katika maisha, kumtoa Tulasi wa nyumbani kwake kama binti aliyemzaa. Mwaka huu siku hiyo ni Jumatano, tarehe 13 Novemba.

Tulipanga kufanya hivyo mwaka 2003. Mwezi wa tano wa mwaka huo vita viliingia Bunia na tukaondoka na masanduku mawili.

Utasema Kampala kuna hekalu na mitulasi tele. Ni kweli. Lakini binti hutolewa katika nyumba alimokulia. Mtulasi wa Saio, mtaa wetu wa Bunia, ulipandwa na mama mkwe wangu mwaka 1961. Mmea huu hauishi miaka mingi. Huzeeka, huangusha mbegu, na mtoto wake huota palepale, kwa hiyo huo unaoumwagilia wewe ni wa ukoo uleule. Ndiyo sababu, ulipofika Bunia ukikimbia vita vya Boga, Jamnadas hakukuomba kodi ya nyumba. Alikuomba kopo moja la maji kila asubuhi kwa ajili yake. Majirani wanamwambia Eugène kwamba hukosi hata siku moja.

Moyo wangu hauwezi tena safari ya basi. Naomba usimame mahali pa Jamnadas, uwe baba wa bibi-arusi. Ni lazima iwe mwaka huu. Mwaka ujao sitaweza kukuomba tena.

Kokila, mjane wa Jamnadas


Bunia, Saio, 2 Septemba 2024

Mama Kokila,

Pole, na pole tena. Jamnadas alipokuwa akija Boga kununua kahawa, kila safari alileta katoni ya chaki kwa shule yetu. Hakuna aliyewahi kumwomba. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akasema gari lilikuwa na nafasi. Sikuwahi kumshukuru inavyostahili, na sasa nafasi hiyo imepita.

Kuhusu mtulasi: upo, na una afya. Nitasimama mahali pa Jamnadas.

Nisamehe kwa ufupi wa barua. Eugène anaingoja.

Josaphat


Bunia, Saio, 2 Septemba 2024

Adeline mwanangu,

Leo nimemwandikia mama wa Kampala kwamba mtulasi upo. Wewe na mimi tunajua kwamba ulikufa mwezi wa pili.

Tuliuchukua kama kivumbasi cha Wahindi tu. Ulikata maua yake kwa ajili ya chai na kwa moshi wa kufukuza mbu, nami niliinywa chai hiyo na kuisifu. Hatukujua kwamba kila ua tulilolikata lilikuwa na watoto wake ndani. Jua la Januari lilipoupiga ukakauka, na chini yake hapakuota kitu. Tangu hapo namwaga maji juu ya udongo mtupu kila asubuhi, ili majirani waone.

Sasa anataka kuuoza. Amefiwa na mumewe, hana mtoto, na hili ndilo ombi lake la mwisho. Nami nina miaka sabini na sita, na nyumba hii tunaikalia kwa sababu ya mti huo. Nikimwambia haupo, sijui atatuacha hapa kwa sababu ipi nyingine.

Wewe uko Boga kuangalia mashamba. Angalia pia kama kuna kivumbasi. Uking'oe na udongo wake, umpe motard yeyote, mwenye pikipiki ya abiria, anayekuja Bunia.

Josaphat


Boga, 15 Septemba 2024

Papa, jambo sana.

Barua yako nimeisoma mbele ya watu, kumbe iko ya siri! Nikaikunja mbio. Papa, weye mwenye ulipigaka watoto fimbo juu ya uongo, leo unamwongopea mama mufiwa? Na unanywesha udongo maji! Nimecheka mpaka machozi, kisha kicheko ikaisha, machozi ikabaki.

Boga iko kimya kwa sasa. Watu wanalima mchana, usiku wanalala karibu na askari. Nyumba yako haina paa. Mulango wamebeba, hata misumari wameng'oa. Lakini nyuma ya jikoni, pale marehemu Mama Rebecca alipandaka kivumbasi juu ya mbu, iko pori mzima. Hata mbuzi wanakipita tu. Nimeng'oa kimoja kizuri, nimekitia mu kopo ya maziwa. Motard anaitwa Chris. Nilimwambia akishike kama mutoto, akaniuliza kama anapaswa kukinyonyesha.

Papa, usiningojee. Nimepanda maharage nyuma ya nyumba ya marehemu bwana yangu Michel na nataka niyaone yakitoka. Siye tuko wanawake sita hapa, tunapika pamoja. Saio nilikuwa nahesabu madirisha tu.

Adeline


Bunia, Saio, 25 Septemba 2024

Mama Kokila,

Nimekuwa mwalimu miaka arobaini na mmoja, siwezi kufanya sherehe ambayo sijaielewa. Nijibu haya.

Bwana-arusi ni nani hasa, na atafika vipi Saio? Bibi-arusi anavaa nini? Kibanda kinajengwa kwa miti gani? Mchungaji au padri wenu asipokuwepo, ni nani atakayesema maneno? Na je, bibi-arusi huulizwa asili yake? Kwetu, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, wazee wa pande zote mbili hukaa siku nzima wakitaja majina ya mababu, na ukitaja la uongo harusi imekufa. Nauliza ili nijue tu.

Adeline amebaki Boga. Nyumba ina sauti ndogo sana. Jana niligundua kwamba nimesoma gazeti la mwezi wa sita kwa sauti, mpaka ukurasa wa matangazo.

Josaphat


Kampala, 8 Oktoba 2024

Mwalimu,

Umenifurahisha. Jamnadas mwenyewe hakuwahi kuniuliza maswali mengi hivyo.

Bwana-arusi ni jiwe jeusi la mviringo, liitwalo shaligram, kutoka mto mmoja wa Nepal. Vishnu yumo ndani yake. La kwetu lilikaa miaka sitini katika kabati la mama mkwe wangu. Eugène atakuletea likiwa limefungwa katika kitambaa chekundu, na kitambaa hicho ndicho nguo ya bibi-arusi. Utamfunga nacho shinani na kumtundikia bangili. Kibanda ni miwa minne iliyofungwa juu. Bwana-arusi aje kutoka nje ya uwanja, na watu na kelele, akaribishwe langoni. Fungeni pamoja pindo la kitambaa cha bibi-arusi na la kitambaa mtakachomwekea bwana-arusi. Kisha baba humimina maji mkononi na kumtoa.

Utauliza kwa nini Mungu awe jiwe. Tulasi alikuwa mwanamke aliyeitwa Vrinda. Mumewe alikuwa adui wa miungu, lakini hakuna aliyeweza kumuua kwa sababu ya uaminifu wa mkewe. Vishnu akavaa umbo la mume huyo, akaingia nyumbani, naye Vrinda akampokea. Uaminifu ukavunjika bila yeye kujua, na mume akauawa vitani. Alipoelewa ni nani aliyempokea, akamwapiza Vishnu: uwe jiwe. Naye akakubali, akawa jiwe. Vrinda alijichoma, na kwenye majivu yake ukaota mmea. Tangu hapo kila mwaka Mungu humwoa, hadharani, kwa umbo lake mwenyewe. Mama mkwe wangu alisema hii si harusi ya furaha tu, ni deni la heshima.

Kuhusu asili: ndiyo, hutajwa. Utasema: "Huyu ni Tulasi, binti wa nyumba ya Jamnadas na Kokila, namtoa." Hayo tu. Ni wewe utakayeyasema, lakini saa hiyohiyo nami nitayasema hapa dirishani.

Nitumie jani moja ndani ya barua. Nataka kulinusa.

Kokila


Bunia, Saio, 30 Oktoba 2024

Mama Kokila,

Bwana-arusi amefika salama, lakini si bila mkutano. Eugène anasema pale bariera ya mpaka mtu mmoja alifungua kitambaa akauliza:

"Hii ni nini?"

"Ni bwana-arusi."

"Muzee, unaingiza jiwe Ituri? Huku majiwe ya zahabu yanatokaka, hayaingiake!"

Akaita wenzake watatu. Mmoja alililamba. Mwingine akauliza bei. Eugène akawaambia: "Huyu ni Mungu wa Wahindi, amelala mpaka tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao. Mwenye atamwamsha mbele ya siku atajieleza mwenyewe." Wakamrudishia kwa mikono miwili.

Jiwe liko mezani mbele yangu ninapoandika. Siku tatu tumekaa hivi, mimi na yeye. Hakuna jani ndani ya barua hii, na sasa utajua kwa nini.

Mtulasi wako ulikufa Februari. Tulikata maua yake kwa chai na kwa mbu, hatukujua, na haukuacha mbegu. Nilipokuandikia kwamba upo, nilidanganya. Niliogopa kufukuzwa. Maji ambayo majirani wameyaona yalimwagwa juu ya udongo. Nilimwomba Adeline anitafutie mmea mwingine, naye akanitumia kivumbasi kutoka nyuma ya jikoni yangu Boga, kilichopandwa na marehemu mke wangu, Rebecca. Nilikipanda mahali pa wako. Nilikusudia kukifunga kitambaa chekundu na kusema maneno yako juu yake.

Ningeweza, nadhani, kama usingenieleza habari ya Vrinda. Lakini umenieleza kwamba huyu aliye mezani aligeuzwa jiwe kwa sababu aliingia nyumbani kwa watu na umbo la mwingine. Siwezi kumletea bibi-arusi aliyevikwa jina la mwingine. Siwezi kusema "binti wa nyumba ya Jamnadas" juu ya mmea wa Boga. Kwetu pia jina la uongo huua harusi, na nilikuuliza swali lile nikijua jibu.

Nimevunja ahadi ya kopo la maji, kwa hiyo nyumba ni yako. Jiwe nitamrudishia Eugène akipita. Sina cha kujitetea nacho.

Josaphat


Kampala, 4 Novemba 2024

Mwalimu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya mto, sikuigusa siku mbili.

Mama mkwe wangu alileta mbegu zile kutoka Porbandar, India, ndani ya fundo la sari yake. Alizificha zisionwe melini. Zimekwisha ndani ya chai yako. Sitasema kwamba si kitu. Ni kitu.

Lakini nami nina langu. Mwezi wa saba mpwa wa Jamnadas, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye hati, aliuza kiwanja cha Saio pamoja na nyumba. Mnunuzi ataingia tarehe 15 Januari. Mpwa aliniomba nikuarifu, kwa kuwa ninakufahamu. Nilikuandikia barua ya Agosti nikaliacha jambo hilo nje. Niliogopa kwamba ukijua utaondoka mapema, na mti utabaki bila maji kabla ya siku yangu. Ndiyo maana nilisema lazima iwe mwaka huu. Wewe ulidanganya ili ubaki katika nyumba iliyokwisha kuuzwa. Mimi nilinyamaza ili niuoze mti uliokwisha kufa. Jamnadas angetucheka mpaka akohoe.

Nimelia, kisha nimefikiri. Binti wa Boga siwezi kumtoa. Anayetoa lazima atoe wake, na nikisema maneno yale juu ya mtoto wa Rebecca nitakuwa nimemwibia marehemu. Basi nitakufa bila kumtoa binti. Nimeyasema kwa sauti humu chumbani, na paa halikuanguka.

Lakini usimrudishe bwana-arusi. Yeye ni wa nyumba yetu, hilo halina shaka. Na binti ni wako, unamjua mama yake na jikoni alikokulia. Kwa hiyo pande zibadilike. Maisha yote tulijiandaa kulia kama wazazi wa bibi-arusi, hatukuwahi kufikiri kwamba ndani ya kabati tuna kijana wa kuoza.

Mwalimu Josaphat, mimi Kokila, mjane wa Jamnadas, naja kuposa. Je, utanipa binti yako?

Kokila


Bunia, Saio, 14 Novemba 2024

Mama Kokila,

Nimekupa. Ilikuwa jana, jua likishuka.

Miwa niliinunua sokoni, minne, mirefu kuliko mlango. Emerance, jirani anayeuza maharage, alikuja kufunga juu kwa sababu mabega yangu hayafiki tena huko. Nilimweleza kila kitu, na habari ya chai pia. Alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo siye tunaoza kivumbasi na jiwe." Nikasema ndiyo. Akaenda kubadilisha kitenge.

Eugène ndiye aliyeleta upande wenu. Alimbeba bwana-arusi kwenye sahani, akiwa nyuma ya pikipiki, na pikipiki nyingine tatu zikipiga honi avenue nzima kama harusi ya mtoto wa tajiri. Emerance aliwafungia lango.

"Mumekuja na ngombe ngapi?"

"Mama, mukwe wenu iko Kampala, ngombe haipande basi."

"Basi hata mbuzi! Binti yetu munafikiri ameokotwa?"

"Tumeleta chumvi kilo tano na sabuni."

"Bwana-arusi mwenyewe anasema nini?"

"Yeye haongeake sana."

"Hiyo ni ya kwanza nzuri nasikia juu yake," Emerance akasema, na akafungua.

Nilikuwa nimevaa koti la shule na tai. Bibi-arusi alikuwa na kitambaa chekundu na bangili mbili za Emerance. Tulifunga mapindo. Nilimimina maji mkononi, na nikasema: "Huyu ni binti wa Josaphat na Rebecca, wa Boga. Namtoa." Nilikuwa nimepanga kuongeza sentensi moja ya shukrani, nimeiandika na kuisahihisha. Niliiacha mfukoni. Mimi na Rebecca tulipata mtoto mmoja tu, Michel, naye nilimzika Boga mwaka 2021, mama yake akiwa ameshatangulia, kwa bahati yake. Sikuwahi kumtoa mtu kwa furaha. Jana ilikuwa mara ya kwanza.

Wanawake wa kanisa walioingia kuangalia kelele waliimba nyimbo zao. Sikuwakataza. Nadhani bwana-arusi alishaamka, hazikumsumbua.

Kesho Ijumaa Eugène atakuletea bibi-arusi pamoja na mumewe. Nimemwekea udongo wa kutosha ndani ya kopo. Usimpe maji mengi, hajazoea.

Kuhusu Januari, usijisumbue na mpwa wala mnunuzi. Emerance ana chumba cha nyuma ambacho kina magunia tu. Watu watasema. Nimemwambia hivyo, akajibu kwamba katika umri wetu hiyo itakuwa heshima. Adeline ameandika, maharage yametoka.

Josaphat


Kampala, 24 Novemba 2024

Mkwe wangu Josaphat,

Amefika. Majani mengi yalianguka njiani, na upande mmoja wa kopo udongo ulikuwa umemwagika, lakini chini ya shina kuna vichipukizi viwili ambavyo nadhani ni vya safari hiihii.

Nilimpokea kama inavyotakiwa. Bibi-arusi anapoingia kwa mara ya kwanza, huwekewa kizingitini chombo kidogo kilichojaa mchele, naye hukipindua kwa mguu wa kulia, ili neema iingie naye. Nilikaa nikifikiri juu ya mguu. Mwishowe nilikisukuma chombo kwa ukingo wa kopo lake. Mchele ulimwagika mpaka chini ya friji. Sijaufagia wote.

Hapa ninapokaa ni ghorofa ya nne. Mlango wa kulia ni ofisi, na wa kushoto ni vijana ambao hutoka alfajiri. Nilimweka barazani karibu na mumewe. Nilimnusa. Si harufu ya mtulasi, ni kali zaidi, na mwishoni ina moshi kidogo. Nimeizoea siku ya pili.

Mimi niliingia Bunia nikiwa bibi-arusi wa miaka kumi na tisa. Usiku wa kwanza nililia nikikumbuka nyumbani, na mama mkwe alijifanya hasikii. Asubuhi alikuja akakaa nami jikoni akaongea tu, juu ya bei ya samli na juu ya majirani, mpaka nikajibu. Basi nami nilivuta kiti barazani. Nilianza kumwambia kwa Kigujarati, nikakumbuka kwamba hakijui. Kwa hiyo nimemwambia kwa Kiswahili cha Bunia. Ukiacha salamu za mlangoni kwa Eugène, nilikuwa sijakisema kwa mdomo tangu Jamnadas alipoondoka, kwa kuwa tulikitumia sisi wawili tu. Nimemweleza habari za Saio, za avenue yetu, za siku ile vita vilipoingia, na nani alikuwa nani. Nilipotazama saa, chai yangu ilikuwa imepoa, na sauti ilikuwa imenikauka kabisa.

Kokila